Sura Iliyobanwa Pini

Jumatatu, 23 Machi

Mvua imeanza leo alasiri, na magoti yangu yalikuwa na habari tangu jana. Mama ameingiza nguo, ameingiza mkaa, halafu ameniingiza mimi, kwa mpangilio huo. Nimevaa soksi mbili mbili na sweta la marehemu baba, na chupa ya maji iko pembeni, kwa sababu mtu wa aina yangu hunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Niseme mara moja nisirudie: nina selimundu, ugonjwa wa damu, nilizaliwa nayo. Daktari mmoja alimwambia mama kwamba ishirini sifiki. Daktari yule amekufa, na mimi nina miaka thelathini na sita na nachapa barua za watu kwenye steshenari, hapa hapa Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.

Nimeamua kuyaandika masika haya. Kwanza, Mjomba Kombo, kaka yake mama, alikuja kutoka Mwera Idi pili akaleta posa. Anamtaka mdogo wangu Sabiha kwa mwanawe Rahimu. Mama alicheka mpaka jino la mwisho. Harusi ni baada ya Idi ya Kuchinja, Mungu akijalia. Pili, nimeanza tena kusoma *Safari za Karibu*, na kila nikianza kitabu hicho mkono wangu huwasha kuandika.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Nimechapa barua za kuomba kazi kutwa nzima. Waombaji wote ni waaminifu na wanaweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo.

Ijumaa, 27 Machi

Anayeniliwaza mimi si mtu ninayemjua. Ni Abdulghani Mwijaa, mwalimu wa shule upande wa Pangani enzi za mkoloni, aliyeandika kitabu kimoja tu maishani mwake, safari zake za miguu za kwenda na kurudi. Hakufika Ulaya, hakufika hata Unguja. Watoto wa shule walikuwa wakilazimishwa kumsoma na walimchukia, kwa sababu hakuna kinachotokea. Anakwenda Mwera kununua mbuzi. "Nimefika Mwera," anaandika. "Mbuzi ameuzwa. Nimeonyeshwa kamba yake." Basi, sura imekwisha.

Mwijaa alikuwa na mguu mbaya. Ugonjwa gani, hasemi. Mguu ukikataa, hukaa kando ya njia na kuandika anayepita. "Mguu umekataa. Nimekaa. Amepita mwanamke na jogoo kwapani. Jogoo ndiye aliyenisalimu." Nilipewa kitabu hiki nikiwa na miaka kumi na sita, nikiwa wodini, nimefungwa dripu, na watu wakipanga foleni kunipa pole. Pole zilijaa kitandani hata pa kugeukia sina. Huyu peke yake hakunipa pole. Alinifundisha kukaa kando ya njia. Tangu siku hiyo maumivu yakija namtafuta anayepita: nesi mwenye kiatu kinacholia, paka wa jikoni, mume wa mtu aliyekosea wodi. Maumivu hayapungui. Ila si peke yake tena yanayotokea.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Sura ya mwisho sijaisoma. Mara ya kwanza nilikuwa nimebakiza hiyo tu nilipozidiwa, na nilipozinduka nikaona kwamba nimepona na sura ipo. Nikaibana kurasa zake kwa pini. Kitabu nimekisoma hata jalada limeachia, na kila nikifika kwenye pini narudi mwanzo. Najua ni upuuzi. Lakini mtu mwenye kitu alichobakiza hawezi kuondoka kabla ya kukimaliza, na mimi nimebakiza.

Jioni alikuja Rahimu, mchumba. Ni fundi friji, amepanga chumba Pongwe, ana mikono kama makasia na anazungumza mpira. Alikiona kitabu mapajani mwangu akauliza kama kina picha.

Jumapili, 29 Machi

Nimesema na mama. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Mama, kabla ya mahari, hawa watoto wapimwe."

"Cha virusi walishakwenda. Wazima wote."

"Si hicho. Selimundu."

Hakuacha kukuna. "Mwatumu mwanangu, hilo gonjwa limetoka kwa Wabondei. Baba yako, Mungu amrehemu, dada zake kila masika viungo, viungo. Kwetu sisi hakuna. Ndio maana mie namtaka huyu wa kwa kaka yangu. Kwetu damu safi."

"Haliji mpaka litoke pande mbili, mama. Nshakwambia."

"Na mie nshakusikia. Mie nimeumwa lini?"

Mtu anaweza kubeba nusu ya gonjwa na asiumwe hata kidole. Nusu mbili zikikutana, anaweza kuzaliwa mtoto kama mimi. Wameshamweleza kliniki tangu nabebwa mgongoni. Huyasikiliza kama mvua inayonyesha kwenye bati la jirani. Kwa hiyo anamkimbiza Sabiha kutoka kwenye damu ya baba, na mahali anapomkimbizia ni kwa kaka yake wa tumbo moja. Anaona amemwokoa. Inawezekana anampeleka pale pale.

Alhamisi, 2 Aprili

Barabara imekuwa mto. Rahimu ameleta viroba vya mchanga, hakuna aliyemwomba. Amevipanga mlangoni vibaya na maji yameingia kwa utaratibu zaidi.

Jumapili, 5 Aprili

Majirani wa nyumba ya pili wametuletea wali na kuku wa Pasaka. Tumekula vizuri, halafu tumegombana.

Sabiha anafundisha chekechea na hana tabia ya kupandisha sauti, sasa akipandisha anasikika hadi barabarani. "Da' Mwatumu, wewe humtaki Rahimu. Sema tu, usijifiche nyuma ya kipimo."

"Simtaki," nilisema. "Na kipimo nakitaka vile vile."

"Ana kosa gani?"

Nilifikiri kwa haki. "Hasomi. Anatafuna bazoka mbele ya wakubwa. Viroba."

"Unajua wewe ukoje? Uko kama yule mzee wako. Umekaa kando ya njia, sisi sote tunapita, wewe unatuandika. Mie siyo jogoo, dada."

Nimeiandika kwa sababu imesemwa vizuri. Imeniuma pia.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua. Hodi za wageni wa posa. Kiuno kinanong'ona.

Jumatano, 15 Aprili

Nimelowa hadi kwenye mfupa nikitoka kazini. Mjinga ni mimi.

Jumatatu, 20 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia una sindano. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.

Yalianza Alhamisi kiunoni, yakashuka mapajani, yakapanda kifuani. Kifuani ndipo tunapopaogopa. Mama alinifunga khanga kiunoni, akafunga na ya pili, akanisomea, kisha akamwita Rahimu kwa simu kwa sababu ana toyo, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mafriji. Nimeletwa hospitali juu ya toyo, nimelala kwenye maboksi, nimefunikwa turubai la buluu. Niliona mawingu na kisogo cha Rahimu. Kila shimo aliniomba radhi kwa sauti, kama yeye ndiye aliyelichimba. Nililia njia nzima, na niandike hivyo, nisije nikajifanya jabali.

Mgonjwa haachwi peke yake, kwa hiyo wamegawana zamu. Mama yuko asubuhi, Sabiha jioni akitoka shule, na saa ya kuona wagonjwa mchana wamemwachia Rahimu, kwa kuwa ana kazi ya friji jirani na hospitali. Siku ya kwanza alikaa ananitazama, mimi namtazama, na dripu inatutazama sote. Nikamwambia achukue kitabu mkobani asome, maana mikono yangu haikiwezi.

Anasoma kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Nukta haiheshimu. Alipofika kwenye mbuzi wa Mwera alinyamaza. Nikafungua macho nione kuna nini. Mabega yanamtikisika.

"Dada," alisema, "wamemwonyesha *kamba*!"

Akacheka mpaka nesi Anastazia akaja na kiatu chake kinacholia, akamwambia kwamba hapa si kijiweni. Alipoondoka, Rahimu akanong'ona, "Huyu mzee mie namjua. Kwetu Mwera watu wako hivi hivi. Unakwenda kudai kitu chako, unaonyeshwa kilipokuwa."

Miaka ishirini nzima na sijawahi kumsikia mtu akimcheka Mwijaa pale ninapomcheka mimi. Nilisahau kuumwa, kwa muda wa kuhesabika, lakini nilisahau.

Jumanne, 21 Aprili

Nimeongezewa damu. Ya nani, sijui. Ahsante.

Alhamisi, 23 Aprili

Jana nilichomwa dawa kali ya maumivu nikalala. Niliposhtuka Rahimu alikuwa anasoma, na maneno yalikuwa mageni.

Mtu akisoma kitabu mara nyingi kiasi changu hujua sentensi inayokuja kama anavyojua ngazi za kwao gizani. Nilitia mguu na ngazi haikuwepo. "Nimeziona taa za kwetu," alikuwa anasoma. "Mguu umepata habari, umeongeza mwendo. Nimefika mlangoni. Nimebisha hodi—"

"Acha!"

Sauti niliyoitoa iliamsha kitanda cha tatu. Rahimu alisimama, kitabu kikaanguka.

"Pini iko wapi?"

Alifungua kiganja. "Hii? Niliona imeshika kutu, dada, inakula karatasi. Nikajua mtu kaisahau."

Nikamwambia yote, kwa hasira, kwa pumzi fupi fupi: daktari wa ishirini, sura, pini. Nilimwambia kwamba ameniua. Nikiandika leo naona aibu, lakini wakati ule sikuwa na shaka. Nililala chali nikangoja. Kiatu cha Anastazia kikapita. Paka akapita. Sikufa. Nimekaa kando ya njia maisha yangu yote, na jana ndiyo mara ya kwanza kuona kwamba nilikuwa naogopa kufika.

Rahimu alikuwa anatokwa na jasho kama aliyekimbizwa. Akaniuliza kama anaweza kutoka nje kidogo. Alirudi baadaye, kurasa zimebanwa tena, kwa kibanio kipya alichoomba kwa karani.

"Nimeimalizia mwenyewe kule nje," alisema. "Sikuweza kumwacha mzee wa watu mlangoni. Lakini mie sisemi. Hata ukinichinja. Wewe bado umebakiza, dada, umenielewa? Mwisho wake niko nao mie. Wewe huna."

Nilitaka kuendelea kukasirika, nikakosa pa kuanzia.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimeruhusiwa. Walikuwa wamesema labda Jumatatu, labda Jumanne, halafu daktari wa zamu akapita akasema nenda. Sabiha amenichukua. Mama alikuwa kisomoni, nyumba tupu. Mezani kulikuwa na sahani yangu chini ya kawa: wali, samaki wa kukaanga, ndimu. Nimekula nikalala.

Rahimu alipita magharibi kuniona. Hakukaa. "Dada, kile kipimo ulichokuwa unamgombea mama. Nitapima. Nimekuona juu ya toyo mie. Sabiha nitasema naye."

Nimemwambia vizuri.

Jumapili, 3 Mei

Jua asubuhi, mvua mchana. Wamekwenda wote wawili juzi kutoa damu. Sabiha ananisemesha tena.

Leo Rahimu ameniletea kiti cha plastiki chenye mto, ameushona mwenyewe kwa uzi wa nailoni wa kushonea maturubai, umekaa upande. Nimekikalia kutwa. Tumeanza kitabu upya, yeye anasoma mimi namsahihisha nukta, Sabiha anapika huku anasikiliza. Alipofika kwenye jogoo, Sabiha amecheka jikoni. Hajawahi.

Nilitaka Sabiha asiolewe naye nikapigania kipimo. Sasa nataka aolewe naye, na kipimo kiko maabara. Ningekuwa na ujasiri leo ningemwambia Rahimu asiende kuchukua majibu. Sikumwambia. Nimekaa kwenye mto wa upande.

Ijumaa, 8 Mei

Majibu yametoka. Wote wawili wanabeba.

Jumamosi, 9 Mei

Daktari aliwaeleza polepole, Sabiha anasema, kama anavyowaeleza yeye watoto wa chekechea. Kila mimba, kuna robo ya uwezekano wa mtoto kama dada yake. Alisema hivyo hivyo, "kama dada yako," kwa kuwa ananijua. Hakuwa na nia mbaya. Nimekuwa mfano.

Leo asubuhi nimemkuta mama uani, ameshika kata ya maji mkononi, hateki.

"Rahimu kalipata kwa kaka yangu," alisema.

"Pengine."

"Kaka yangu kalipata wapi?"

Hakuwa ananiuliza mimi.

"Basi na mie ninalo," alisema. "Miaka yote hii nawasema Wabondei wa watu. Kumbe nusu nimekupa mie."

Nimezoea kumwona mama akigombana na gonjwa langu kama na mpangaji mbaya. Sijawahi kumwona ameinamisha kichwa mbele yake. Nilitaka kumwambia kwamba hakunipa kwa kukusudia, na kwamba amenipa na mengine. Nilichosema ni, "Mama, maji." Akateka.

Alhamisi, 14 Mei

Mjomba Kombo amekuja kutoka Mwera. Amesema vipimo ni vya wanadamu na riziki ni ya Mungu, na kwamba yeye ametimiza miaka yake bila kujua anabeba nini na hakuanguka. Amesema harusi ipo. Rahimu alikuwa amekaa mlangoni, anatazama mikono yake. Nilimwona mtu anayependa, na laiti nisingemwona.

Jumapili, 17 Mei

Mvua kubwa tangu alfajiri, ya mwisho mwisho, inayomwaga kila ilichobakiza.

Tulikuwa watatu sebuleni. Mama ana ungo wa mchele anachagua, mimi niko kwenye kiti changu, Sabiha chini ananikanda miguu kwa mafuta ya nazi ya moto. Akauliza bila kuinua kichwa.

"Dada. Ungepewa kuchagua, ungetaka uzaliwe?"

Swali hili nimelingoja tangu Machi na jibu nilikuwa nalo, la kuchekesha kidogo, kwa namna ya Mwijaa. Halikutoka.

"Siku ya toyo, hapana," nilisema. "Siku nyingine, ndiyo. Za ndiyo ni nyingi. Lakini za hapana zina urefu wake, Sabiha, siwezi kukudanganya."

Aliendelea kukanda. "Na mie ningeweza? Kumtazama mtoto vile? Mie nilikuwa natoka nje ukianza kulia. Tangu mdogo. Nikisingizia kuku."

"Usiniulize mimi hilo. Muulize aliyeweza."

Tukamgeukia mama. Vidole vyake vilikuwa ndani ya mchele, vinatafuta mawe, na havikusimama.

"Ningejua," alisema, "nisingeolewa na baba yenu. Nilikuwa na wachumba mie. Nisingekubali hata kwa dawa." Akatupa jiwe. "Nimelala chini ya vitanda vya hospitali mpaka sakafu ikanijua. Nimemwomba Mungu akuchukue, Mwatumu, mara moja, ulikuwa na miaka tisa, nikaogopa nikamwomba anisamehe. Ningejua, nisingekubali." Akatupa jingine. "Alhamdulillahi sikujua."

Sabiha aliweka paji la uso juu ya goti langu.

"Mie najua, mama," alisema.

Hapo ndipo penyewe. Mama alipewa kutojua, akanipata mimi kwa hilo. Sabiha hana kutojua huko, kwa sababu nilikwenda nikamtafutia majibu. Nilifanya sawa. Nasema hivyo nikiwa nimekaa wima, na sijisikii kama mtu aliyefanya sawa.

Jumatano, 20 Mei

Sabiha ameamua. Amemwambia Rahimu mwenyewe, pale kibarazani, mchana kweupe, wote wawili wamesimama. Sikuandika waliyosema kwa sababu nilifunga dirisha.

Ijumaa, 22 Mei

Mama amepeleka kishika uchumba Mwera kwa mkono wake. Pete, mkufu, na kitambaa cha gauni ambacho hakijakatwa. Amekwenda kwa kaka yake kurudisha na kurudi siku hiyo hiyo. Hakusema amepokewaje. Macho yake yalikuwa yamevimba.

Jumatano, 27 Mei

Idi ya Kuchinja. Sabiha amekwenda Muheza kwa shangazi zetu, hao Wabondei. Mama ndiye aliyesema aende, na amewafungia mkate wa kumimina mzima. Nyama ni nyingi mno kwa watu wawili.

Jumapili, 31 Mei

Siku hizi kila asubuhi tunakula kiporo. Nimemwambia mama apunguze kipimo cha mchele, sisi ni wawili tu. Amesema mkono wake umezoea.

Jumatatu, 1 Juni

Jua kutwa. Magoti kimya. Nimechapa risala ya harusi ya watu.

Jumamosi, 6 Juni

Mvua zimekwisha, nadhani. Uani pamekauka, na mama alikuwa huko nyuma tangu adhuhuri anafua mapazia. Mimi nilikuwa kibarazani kwenye kiti changu, kitabu mapajani, nimefika kwenye kibanio.

"Hodi."

Alikuwa Rahimu. Amekonda. Alisimama chini ya ngazi kama mtu asiyejua kama miguu yake bado ina ruhusa. Hakuleta taarifa kwamba anakuja, na kwa desturi hakupaswa kuja. Mchumba aliyerudishiwa vyake hapiti tena mlangoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Panda."

Amekirudisha chumba cha Pongwe. Anahamia Mwera, kuna mtu anafungua kiwanda kidogo cha barafu. Toyo iko nje, vyombo vyake vyote vimetoshea. Aliniuliza habari za magoti. Habari za Sabiha hakuziuliza, na sikumwambia kwamba yuko Muheza, lakini nilimwona akisikiliza nyumba. Kisha akasema alichokuja kusema.

"Sijamwambia mtu ule mwisho. Nikaona nisiondoke bila kukujulisha. Bado umebakiza."

Nilimtazama. Mtu huyu amepoteza mke kwa damu aliyozaliwa nayo, na kabla hajaondoka Tanga amepita kuhakikisha kwamba mimi nipo salama. Na mimi nimekalia sura hii miaka ishirini kama bahili. Nilitoa kibanio nikampa kitabu.

"Soma."

"Dada—"

"Soma, Rahimu. Na nukta uziheshimu."

Akasoma. Aliziheshimu zote.

"Nimefika mlangoni. Nimebisha hodi, wamelala. Mlango haukutiwa komeo. Juu ya mkeka kuna kawa. Nimeifunua: wali, samaki, pilipili upande, kama nipendavyo. Mke wangu ameamka. Nimemwuliza, mmejuaje kwamba narudi leo? Amesema, hatukujua. Tunafunika kila siku."

Aligeuza ukurasa nione kwamba nyuma hakuna kitu.

"Ndiyo hivyo tu," alisema.

Nililia. Si kwa maumivu, sikuwa na maumivu popote, na sikumtafuta anayepita. Rahimu alinipa leso yake, inanuka gesi ya friji.

Ndipo mama akatoka nyuma na beseni la mapazia. Alimwona, akasimama. Nilidhani atapata kigugumizi, au atamwuliza amefuata nini. Akaweka beseni chini.

"Rahimu, mwanangu, mbona umekaa nje? Chakula chako hicho mezani, kinapoa."

Nikageuka kutazama ndani. Mezani kulikuwa na kawa. Sisi wawili tulishakula mchana, na vyombo vyetu vilishaoshwa.

Rahimu aliingia akaketi. Mama alimfunulia, akachukua birika na bakuli, akawa anamnawisha mikono, ile mikono mikubwa, taratibu kidole kwa kidole. Nikasimama mlangoni nikamwuliza mama nani alimwambia kwamba Rahimu anakuja leo.

"Nani aniambie?" alisema, wala hakuniangalia. "Nyie mkitoka humu huniambia mnarudi lini?"